Kumi na Tisa Walioweza Wenyewe

Mahalapye,
Jumapili, 21 Septemba

Kwa dada yangu mpendwa Tebatso,

Salamu nyingi zikufikie huko Maun, wewe na shemeji na mtoto. Natumaini zitawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi cha mtoto ulichokitaja kwenye simu kimeshaondoka. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya watu wanaoamka na kula. Bibi magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Jana amemfukuza muuza kabichi mpaka barabarani kwa sababu alimwita "bibi kizee" badala ya mma. Mvua bado. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungeniuliza, "Resego, kuna nini?" nami ningesema hamna kitu, halafu ungesema haya mpe Bibi. Unanijua. Mma Sebina anasafiri kesho kuja huko kwa mwanawe, nitampa hii aifiche kwenye kapu lake la magwinya, yale maandazi anayouza. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Bibi hajui. Hata nikisali usiku ule mstari nauruka. Nitaliandika sasa hivi kabla sijapoa: lile daftari la kaka Pako, la watu waliojaribu mchezo wake wa kompyuta, nililijaza uongo. Watu kumi na tisa. Niliandika kwamba wote kumi na tisa waliweza wenyewe. Dada, hakuna hata mmoja aliyeweza. Niliwasaidia wote.

Huenda unasema, basi ni hilo tu, mtoto huyu kanitia hofu bure. Ngoja. Pako anaondoka Jumanne. Anakwenda kwa mjomba, kwenye kambi ya ng'ombe kule upande wa Ghanzi, na amesema hatagusa tena kompyuta, kwa sababu Mungu hakumpa kichwa cha kazi hii. Anaamini hivyo kabisa. Na mimi ndiye mtu pekee ninayejua kuwa si kweli.

Wewe ulipoolewa, mchezo wenyewe ulikuwa michoro tu aliyoibandika ukutani, kwa hiyo acha nikueleze ulivyokuja kuwa. Ni mchezo wa zamu, kama morabaraba ile ya kete ya pale dukani, ila uwanja uko ndani ya kompyuta. Unawasogeza watu wako na ng'ombe wako polepole utakavyo, hakuna saa inayokukimbiza, kisha unampa mwenzako zamu naye anasogeza wa kwake. Akauita Moraka, yaani kambi ya ng'ombe. Una makundi yako ya ng'ombe, una visima, kuna ukame, na kuna majirani wanaokuja kuiba. Lakini roho ya mchezo ilikuwa mvua. Mvua ya Pako haikunyesha kwa bahati. Ilitanguliwa na dalili: sisimizi wanaohama, ng'ombe wanaogeuza vichwa upande mmoja, mwezi uliolala chali. Ukisoma dalili vizuri unahamisha mifugo kabla, na zamu ya tatu mbele yako inanyesha, uwanja mzima unabadilika kutoka wekundu wa udongo kwenda kijani, polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Bibi, ambaye alisema kompyuta ni televisheni iliyokosa habari, siku alipoiona mvua hiyo alisahau magoti yake, akasimama akaishangilia mvua, "Pula!", kwa sauti ya baraza la kgotlani. Pako alitoka nje. Nadhani alilia.

Sasa, Pako aliniambia kwamba mchezo wa namna hii hufa katika dakika kumi za mwanzo. Mtu akifungua asielewe afanye nini, anafunga, anakwenda kucheza mchezo wa kurusha ndege. Kwa hiyo aliandika maelezo, kurasa sita, na akanipa mimi niyaweke vizuri kwa Kitswana na kwa Kiingereza, kwa sababu alisema mimi nina lugha mbili na sina mdomo, kwa hiyo maneno yote yamebaki ndani hayajatumika. Nikayatengeneza, nikamsomea Bibi. Ukurasa wa pili Bibi akakoroma. Pako alicheka mpaka akakaa chini, kisha akazichana kurasa zote sita mbele yangu.

Akasema, mtu hafundishwi kukamua kwa hotuba. Unampa ng'ombe mpole, unamshikisha chuchu, unanyamaza. Ng'ombe mkorofi atamkuta mbele ya safari. Tukaanza upya kwa namna hiyo, mimi na yeye, baada ya shule kila siku, miezi mitatu. Zamu ya kwanza uwanja ni mtupu: ng'ombe mmoja, kisima kimoja. Vitu vingine vyote tumevificha. Ukimpeleka ng'ombe kwenye maji, anakunywa, unasikia kengele ya shingoni. Zamu ya pili ng'ombe wawili, kisima kile kile, lazima mmoja akae na kiu. Ndiyo unajua mchezo unahusu nini na hakuna aliyekueleza. Zamu ya tatu, sisimizi. Ng'ombe wa kwanza hawezi kufa hata ukosee vipi, kwa sababu Pako alisema anayefiwa kabla hajajua jina la marehemu hawezi kuhuzunika, atachukia tu. Na hakuna sentensi inayozidi maneno manane. Nilizihesabu mimi.

Dada, ile ndiyo miezi mitatu niliyokuwa mtu. Shuleni unajua nilivyo. Mwalimu wa Kiingereza alishanisimamisha kipindi kizima mpaka niseme sentensi moja, na sentensi niliijua, iliniketi kwenye ulimi kama kijiwe. Darasa zima linanitazama. Ila pale kwenye kompyuta ya Pako nilikuwa nazungumza na watu nisiowaona, na walikuwa wananielewa. Ndivyo nilivyofikiri.

Kulikuwa na kitufe kimoja. Ukishamaliza kusogeza watu wako, lazima ukibonyeze ndipo zamu iende kwa mwenzako. Bila kitufe hicho mchezo hauendi, unakaa pale pale hadi kiama. Nafasi yake ilikuwa ndogo, inatosha herufi chache. Nikaweka neno Ema, yaani simama. Nilijivunia. Nilikuwa namaanisha: watu wako wabaki walipo, wasimame hapo, mngojee mwenzako. Kwa Kiingereza nikaweka neno lenye maana ya subiri. Mimi na Pako tulikuwa tunakibonyeza bila kukitazama, kama mtu anavyofungua mlango wa nyumba yake. Hatukuwahi kukisoma tena.

Ndipo ikaja kazi ya kujaribisha watu. Pako alisema yeye hawezi kukaa nao, mzazi hasimamii mtihani wa mwanawe, atajikuta anawapa majibu. Akasema wewe Resego ndiye unafaa, wewe hata nyumba ikiungua hutasema. Akaniwekea kiti nyuma ya kiti cha mchezaji, akanipa daftari, akaniambia sheria moja. "Kalia mikono yako. Akikwama, mwache akwame, andika amekwamia wapi. Ukimsaidia mmoja umewatupa maelfu, maana huwezi kwenda kukaa nyuma ya kila kiti duniani." Akanifanya nirudie. Nikarudia. Kisha akaenda kukaa nje chini ya bati, akawa anatafuna kucha.

Wa kwanza alikuwa Mma Sebina. Alikuja na unga mpaka kwenye viwiko, akisema afanye haraka mafuta yanapoa. Akampeleka ng'ombe kisimani, akasikia kengele, akapiga kofi. "Kumbe mimi tajiri! Mwambieni yule mume wangu wa zamani!" Kisha akamaliza kusogeza ng'ombe wake. Akaweka mikono mapajani. Upande wa pili wa uwanja wachungaji wa jirani wamesimama, hawasogei kwa sababu si zamu yao. Yeye anawatazama, wao wanamtazama. Akawauliza, "Nanyi vipi?" Kisha bila kugeuka akaniuliza mimi, "Mwanangu, hawa mabwana wananidharau, ama ndivyo walivyolelewa?" Mimi nimekalia mikono. Akapeleka kidole kwenye kitufe, akasoma "Ema," akakirudisha kama aliyegusa mafuta. Akasema hapana, hilo ni la kuisimamisha, nisije nikaizima kompyuta ya watu. Akaanza kutoka jasho. Akawa anafuta meza kwa kiganja, meza ambayo haikuwa na kitu. Halafu akasema taratibu sana, "Mimi sikusoma sana, Resego. Unajua."

Dada, wewe umelelewa nyumba hii. Bibi alitufundisha nini? Mtoto akikaa akimtazama mtu mzima anahangaika, mikono yake imetulia, huyo si mtoto, huyo ni mchawi anayengoja. Mama yule ameninyonyesha mimi Mama alipokuwa hospitali. Na mimi najua kutazamwa unapokuwa hujui. Nikautoa mkono chini ya paja, nikaonyesha kitufe. "Kumbe!" akabonyeza, wachungaji wakatembea, akapiga yowe, na kuanzia hapo hakukwama tena, akaenda moja kwa moja hadi mvua. Pako akaingia mbio, anauliza vipi. Mma Sebina akasema, "Nimeweza! Mwenyewe! Muulize mdogo wako." Akanitazama. Macho yake yananiomba. Nikaandika kwenye daftari: ameweza mwenyewe.

Wa pili alikuwa Rra Molebatsi, mwalimu mkuu mstaafu, yule wa suti ya kahawia. Yeye alikwama pale pale, lakini hakukubali kuwa amekwama. Aliniambia anafikiri. Alifikiri dakika kumi na moja. Nilipomwona anakigeuza kipanya chali kukagua tumbo lake, kidole changu kikatoka tena.

Halafu wakaja wale wasichana wawili wa kidato cha kwanza, watoto wa shangazi yake Mma Sebina. Hao ndio ungecheka. Wakasoma "Ema" kwa sauti, wakatazamana, wakasimama. Kweli, wamesimama wima nyuma ya viti, mikono pembeni, kama mwalimu ameingia. Mmoja akaninong'oneza, "Dada, tukae saa ngapi?" Nilicheka hadi machozi, wao nao wakacheka bila kujua tunacheka nini. Nikawaambia wakae, nikawaonyesha kitufe. Nikaandika: wameweza wenyewe.

Hapo nilijua. Sitakudanganya na wewe. Kufikia wasichana wale nilijua kabisa kwamba neno langu ni bovu. Mtu mzima anadhani litasimamisha mashine, mtoto anadhani anaambiwa asimame. Lilikuwa jambo la kubadilisha neno moja. Ningeandika "Zamu yao" na ingetosha, hata kama ingebidi kitufe kipanuliwe. Kazi ya nusu saa. Lakini ningemwambia nini Pako? Angeuliza nimejuaje, wakati daftari linasema wanne wameweza wanne. Nilisimama mbele ya kioo cha Bibi nikajaribu kulisema. "Kaka, kuna neno moja." Nilivyotoka nikamkuta uwanjani anawaonyesha rafiki zake daftari, anawapigia kofi mabegani. "Wanne! Mpaka Mma Sebina! Huyu dogo ni hatari, jamani, ninyi mnamwona kimya hivi hivi." Wote wakanigeukia. Nikarudi ndani.

Baada ya hapo sikuwa nangoja wakwame. Mtu akimaliza kusogeza, kidole changu kimeshafika. Wengine sidhani hata walijua wamesaidiwa. Kidole kile kilikuwa somo bora kuliko yote tuliyoyatunga, na ndicho pekee ambacho hakikuwemo ndani ya mchezo ulipotumwa.

Mwezi wa sita Pako akautuma kwa kampuni moja huko Johannesburg inayochagua michezo ya vijana na kuiuza dunia nzima. Watu wao wanacheza peke yao, mtengenezaji hayupo. Jibu lilikuja mwezi wa saba. Lilikuwa la heshima na fupi. Walisema wanapenda picha, ila mchezo hauendi. Basi, hivyo tu, hauendi, na wakampa mwezi mmoja aurekebishe autume tena.

Unajua alichofanya na mwezi huo? Aliitoa mvua. Alisema mchezo umekuwa mzito, unachosha, watu hawana subira ya kusoma sisimizi. Alikata dalili moja baada ya nyingine. Sisimizi, mwezi, vichwa vya ng'ombe. Aliacha kula na sisi mezani. Bibi alimuuliza, sasa hao ng'ombe watakunywa nini, akajibu kwamba kisima kitajaa chenyewe kila zamu ya tano. Bibi akasema, "Chenyewe? Nchi gani hiyo?" Alipomaliza ulikuwa mchezo wa haraka na mkavu, watu wanapigana, kisima kinajaa. Na mvua hakuibakiza popote. Aliiandika juu yake, faili ile ile, jina lile lile, kwa sababu alisema akiiacha atairudia.

Na kitufe kikabaki pale pale. Ema.

Jibu la pili limekuja tarehe tisa mwezi huu. Nilikuwepo. Alilisoma amesimama, akalikunja, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa zamu yangu kuosha. Walisema wamejaribu tena, watu wao watatu, na bado hawakuweza kupita mwanzo, kwa hiyo wanamshukuru na wanamtakia heri, na wasingependa autume tena. Siku ile ile alimpigia mjomba. Mjomba sauti yake unaijua, hata bila spika tunaisikia jikoni. Akasema, "Njoo huku, kijana wangu. Ng'ombe hawana vitufe." Akacheka sana. Pako naye akacheka kidogo, kwa heshima.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu, maana haya mengine bado ningeweza kuyabeba.

Ijumaa Pako alikuwa anapanga mabegi. Akaniita. Nikakuta amekaa kitandani na daftari lile magotini, anafungua kurasa. Akasema ameangalia kila kitu tangu mwanzo, ametafuta kosa liko wapi, na kila kitu alichogusa yeye ni kibovu: mapigano, visima, majirani. "Kuna kazi moja tu humu haina dosari, na si yangu." Akanipa daftari. Akasema nikimaliza shule nisomee kazi hii, nisije nikaogopa, kwamba watu kama mimi wanaojua kumfundisha mtu bila kumsemesha ni wachache. Akasema, "Mimi nilikuangusha, mdogo wangu. Wewe ulifanya sehemu yako." Dada, alisema hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha.

Na mimi nikasema asante.

Si hilo peke yake. Lile jibu la kwanza la mwezi wa saba, lile la hauendi. Lilikuwa la Kiingereza, na sentensi ile ukiisoma ina njia mbili. Inaweza kumaanisha mchezo unajikokota, hauna mvuto. Na inaweza kumaanisha hausogei, umekwama, umesimama kama gari lililoisha mafuta. Pako Kiingereza anakijua, lakini aliniletea mimi. Aliniletea kwa sababu mimi ndiye mwenye lugha mbili. Akaniwekea karatasi mbele akasema, "Hawa wanamaanisha nini hapa? Watu wanakwama mahali? Maana kama wanakwama ni mwanzoni, na mwanzoni ni kwako." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza tu. Alikuwa na kalamu sikioni, tayari kuandika nitakachosema.

Niliisoma mara mbili. Niliona wale watu wa Johannesburg wamekaa mbele ya mchezo wetu, wameambiwa wasubiri, na wao wakasubiri. Niliwaona kabisa. Nikasema, "Wanamaanisha unajikokota." Akauliza una hakika. Nikasema, "Kumi na tisa waliweza, kaka." Akauliza basi ni wapi panapojikokota.

Nikasema, "Labda mvua."

Hakunishurutisha mtu. Ningeweza kusema chochote, ningesema majirani, ningesema muziki. Nilisema mvua kwa sababu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko vyote na nilijua akiishika hiyo hatakuwa na muda wa kutazama kitufe. Akasema, "Na mimi nilikuwa naogopa hivyo." Akachukua kalamu akaandika mvua, akapiga mstari chini yake.

Basi umeshajua. Nimekuwa nikijiuliza kumwambia sasa kutamsaidia nini. Mvua haipo tena, hata kipande. Kampuni imefunga mlango. Mjomba ameshamtumia lori la Jumanne. Nikimwambia, ataondoka akijua kwamba kichwa chake kilikuwa kizima, lakini atajua pia kwamba aliyemkata miguu alikuwa amekaa naye meza moja, na atakaa kule na ng'ombe mwaka mzima akiwaza hilo bila mtu wa kumsemesha. Nisipomwambia, ataondoka akiamini kwamba ni mjinga. Ameshaanza kuamini hata kwa mambo mengine. Jana balbu iliungua akasema mwiteni fundi, mimi nitaiharibu. Pako, dada. Balbu.

Nimejaribu mara nne tangu Ijumaa. Mara ya kwanza nilifika mlangoni kwake. Mara ya pili nilisema "kaka," akasema "naam," nikamuuliza kama atahitaji blanketi la pili. Nyingine hata sizihesabu, sikutoka kitandani. Mdomo unakuwa kama siku ile darasani, nimesimama na sentensi ninayo.

Sikuombi umwambie wewe. Ukimwambia wewe atajua kwamba hata hilo niliogopa. Sikuombi pia uniambie si kitu, maana utataka kuniambia hivyo. Nilitaka tu mtu mmoja aijue hesabu ya kweli, kwamba ilikuwa sifuri kati ya kumi na tisa.

Msalimie shemeji. Mwambie viatu alivyomtumia Bibi vinambana lakini anavivaa kanisani makusudi ili aulizwe amevipata wapi. Mbusu mtoto kwenye kisogo, pale panaponukia maziwa. Mama amesema atakuja kutoka Gaborone mwisho wa mwezi, wakati huo Pako atakuwa ameshaondoka. Bibi anakusalimu na anauliza mtakuja lini, na anasema usimjibu kwa "tutaona."

Ni mimi mdogo wako,
Resego

Dada, nimeshaweka jina lakini naongeza haya hapa chini. Nimesoma upya yote niliyoandika na nimeona kwamba kumbe yameandikika. Pako yuko nje anafunga mizigo kwa kamba, na kamba fupi zote ziko huku chumbani kwangu, kwa hiyo lazima atakuja. Sitasema kitu. Nitaiacha barua hii mezani ikiwa wazi, ukurasa huu wa mvua juu, nami nitageukia dirishani. Anasoma haraka. Akimaliza aninyang'anye, anipige, aseme atakalo, nitakuwa nimesimama hapa hapa. Hivyo naweza. Kukaa kimya najua. Kama barua haitakufikia kesho, basi ujue yeye ndiye anayo.

Amefunga lango la kuku. Ni makubazi yake, anaburuta la kushoto. Amesimama, anaongea na Bibi, Bibi anamwambia aniite nikale. Anakuja. Karatasi iko wazi, bado iko wazi.

"Ko ko," anabisha hodi. Yuko mlangoni.

Nimeifunika kwa sketi ya shule. Naandika kwenye pembe hii moja iliyobaki nje, naivuta nayo ndani